Tezi dume gramu 96: leza India au kufungua tumbo hapa hapa?

Mpare_Mjini
Wakuu, naomba mawazo. Mzee wangu ana miaka 71. Mkojo ulimgomea kabisa, akawekewa mpira wa kutolea mkojo. Ultrasaundi inasema tezi ina gramu 96. Tamsulosin, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, anameza tangu mwaka jana. Walipojaribu kutoa mpira akabanwa tena usiku ule ule. Pia yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo. Daktari wetu anataka kufungua tumbo. Mdogo wangu yuko Dubai, anasema tuchange tumpeleke India kwa leza. Mnashaurije?

Chuma_cha_Tanga
India mkuu. Kuchanwa tumbo ni mambo ya zamani.

Nesi_wa_Zamu
Chuma, taratibu. Leza siyo kitu kimoja. Aina iitwayo GreenLight inaichoma nyama ya tezi mpaka inakuwa mvuke. Damu hutoka kidogo, ndiyo maana wagonjwa wa dawa kama za mzee huyu hufikiriwa huko. Lakini nyama ikishakuwa mvuke hakuna cha kupeleka maabara kuangalia saratani, na tezi kubwa huchosha mashine na daktari.

HoLEP ni leza ya holmiamu. Chombo kinapita njia ya mkojo, daktari anabandua nyama iliyoota kama unavyotoa chenza: nyama inatoka, ganda linabaki. Inasukumwa kwenye kibofu, inasagwa, inafyonzwa, na vipande vinakwenda maabara. Hata tezi ikizidi gramu 100 inafanyika. Mara nyingi mpira hutoka siku moja au mbili baadaye.

Kufungua tumbo kunatoa karibu nyama ile ile, na mkojo baadaye unatoka vizuri vile vile. Tofauti ni damu nyingi zaidi, mshono, na kukaa na mpira siku nyingi. Daktari wenu hajakosea.

Babu_Kijana
Mimi nilikwanguliwa tezi kwa chombo kilichopita njia ya mkojo, bila kuchanwa (TURP), tezi yangu ilikuwa gramu 50 hivi. Maji ya chumvi yanaingia kwa mpira, yanatoka mekundu, unaangalia mfuko tu ukisubiri yawe meupe. Bonge la damu likaziba usiku. Maumivu yale simtakii mtu. Nesi akavuta kwa bomba kubwa la sindano, nikapumua. Leo nakojoa kama kijana.

Ila jambo moja sikuambiwa: shahawa hazitoki tena, zinarudi kwenye kibofu. Nguvu zipo, msiogope.

Mpare_Mjini
Shikamoo babu, asante. Kumbe kukwangua hakuna kisu. Kwa nini mzee asifanyiwe hiyo?

Nesi_wa_Zamu
Ukubwa. TURP inafaa zaidi tezi za gramu 30 mpaka 80. Ikizidi hapo, kazi inakuwa ndefu na damu inaongezeka. Na hilo la shahawa alilosema babu, HoLEP na kufungua tumbo nako lipo kwa wengi. Baada ya HoLEP wengine huvuja mkojo wakikohoa, wiki kadhaa au miezi, kisha huisha kwa walio wengi.

Mzizima_Kwetu
Mie naangalia mfuko na baadaye. Nauli za watu wawili, viza, hoteli, halafu akirudi Same damu ikaanza, nani atamwona? HoLEP ni ngumu kujifunza, daktari anahitaji wagonjwa wengi kabla mkono haujatulia. Iwe India au hapa, ulizeni ameshafanya ngapi za ukubwa huo. Pigeni simu hospitali za KCMC na Muhimbili kwanza mjue wana nini kwa sasa. Afadhali kisu cha aliyezoea kuliko leza ya anayejifunza.

Chuma_cha_Tanga
Hapo umenigusa. Ila kwa mtu wa dawa za damu bado nipo na leza.

Nesi_wa_Zamu
Kwa hilo nakubaliana nawe. Mpare, dawa za moyo msizisimamishe wenyewe. Daktari wa moyo na wa mkojo waongee. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume kinachosaidia kutafuta saratani, amepimwa?

Mpare_Mjini
Alipimwa siku ile ile ya kuwekewa mpira. Ilikuwa juu, tukaogopa.

Nesi_wa_Zamu
Kubanwa mkojo na mpira wenyewe huipandisha. Mwulizeni daktari lini irudiwe, kabla hamjakata tiketi.