Meza ya mtiki na viti sita vya Denmark: tupige msasa?

MamaMakorora
Hamjambo wenzangu. Niko Aarhus mwaka wa saba. Bibi jirani kahamia nyumba ya wazee, wanawe wakauza vyombo vyake, nami nikachukua meza ya kulia ya duara yenye vipande viwili vya kuongezea, na viti sita. Vyote krona 4,000. Chini ya viti pana muhuri wa kiwanda cha J.L. Møllers. Mezani pana alama nyeupe za vikombe na doa jeusi la chungu cha maua. Viti viwili kamba zimekatika, kimoja kinayumba. Mume wangu keshaazima mashine ya msasa, anataka kuanza Jumamosi. Nimemfichia waya. Isitoshe, tukirudi Tanga tungependa kuvichukua. Nishaurini.

FundiPangani
Dada, huo waya usiutoe.

Mimi ni seremala, nimefundwa na baba Pangani, sasa nakarabati samani hizi hizi Odense. Meza yako, karibu nina hakika, si mbao nzima. Juu ni vinia ya mtiki, yaani ganda jembamba la mbao lililogandishwa, kwa kawaida haifiki hata milimita moja. Chini yake ni ubao wa kawaida. Mashine inaitoboa kwa muda wa kugeuka tu kumjibu mtoto. Mwaka wangu wa kwanza huku niliitoboa meza ya mteja hivyo hivyo. Nikamlipa, na mtaa ule hadi leo naupita nimeinamisha kichwa.

Alama nyeupe ni unyevu ulionasa juu juu. Chukua stilwaya laini kabisa, namba 0000 (si ile ya masufuria!), chovya mafuta ya mtiki, sugua polepole ukifuata nyuzi za mbao, kisha futa mafuta yote yaliyobaki. Kitambaa kilicholowa usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Mafuta haya hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Kianike nje, kimetandazwa. Doa jeusi linataka asidi ya oksaliki na glavu. Anza upande usioonekana.

Kiti kinachoyumba usikipige msumari wala skrubu. Tenganisha kiungo, kwangua gundi ya zamani yote, tia mpya, kibane kwa mkanda wa mizigo hadi kesho yake.

Sasa kamba. Hapa ndipo ninapopapenda. Ile ni karatasi iliyosokotwa. Wadenmark waliishika wakati wa Vita vya Pili, malighafi za kigeni zilipoadimika, na vita vilipokwisha hawakuiacha. Kiti cha Hans Wegner, mbunifu wa Kidenmark, chenye mgongo wa Y, cha 1949, kinakula kama mita 120. Vya kwako huwa vina vijimisumari vya umbo la L upande wa ndani, kamba inanaswa humo. Babu yangu akiwamba vitanda kwa kamba ya usumba; kazi ni ile ile, vidole vinakumbuka. Siku ya kwanza utaumia viganja. Vuta sana, maana kamba ikilegea leo, mwakani utakuwa umekalia bembea.

Na ujue kiwanda hicho cha J.L. Møllers, Niels Otto Møller alikianzisha 1944 huko huko Aarhus. Viti vyako bado viko nyumbani kwao.

KekoDar
Krona 4,000 kwa vitu vibovu? Hapa Keko unachongewa meza ya mninga mtupu, na mpya.

FundiPangani
Kaka, kwa mninga sibishani nawe. Ila kiti cha mninga mtupu ukikihamisha unaita watu wawili. Kile cha Møller mtoto wa darasa la tatu anakibeba, na kimekaliwa maisha mazima ya mtu.

Malmö_Bwana
Dada, kabla ya kontena, hakikisha ni mtiki kweli. Kama ni palisanda ya Brazili, ile nyeusi yenye michirizi, imo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Hata kuiuza ndani ya Umoja wa Ulaya kunataka cheti, seuze kuivusha bahari.

FundiPangani
Kweli kabisa. Mtiki hauna shida hiyo. Lakini Tanga kuna mchwa: mtiki watauogopa, ule ubao wa ndani ya meza hawatauogopa.

MamaMakorora
Shikamoo fundi, na ahsanteni. Ni mtiki, rangi ya asali, hauna michirizi myeusi. Alama za vikombe zimetoka zote isipokuwa moja, doa jeusi limefifia nusu. Mume wangu yuko sakafuni siku ya pili anawamba kiti, kamba imemwishia zikibaki safu nne, na hataki nimsaidie. Mashine kaisahau. Waya bado umo kwenye gunia la unga.