Walimu wa semina za bangi ya tiba Marekani, kwa nini mnaficha kifungu cha 280E?

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mwaka 2019 mimi na wenzangu wawili tulilipia mafunzo ya siku tatu yaliyotangazwa kuwa yatamwonyesha mtu, hatua kwa hatua, namna ya kuanzisha duka la bangi ya tiba katika jimbo la Marekani lililoihalalisha. Tulifundishwa kujaza maombi ya leseni, kupanga rafu, kufunga kamera za ulinzi, hata namna ya kuzungumza na mgonjwa wa saratani anayeingia dukani kwa mara ya kwanza. Katika siku zote hizo tatu hakuna mkufunzi aliyekitamka kifungu cha 280E. Mwaka 2023 tulifunga duka, na wateja walikuwa bado wanakuja.

Kifungu hicho kimo katika sheria ya kodi ya serikali ya shirikisho, nacho kinamzuia yeyote anayefanya biashara ya dawa zilizoorodheshwa katika Jedwali la Kwanza au la Pili, yaani ngazi mbili kali zaidi za orodha ya shirikisho ya dawa zinazodhibitiwa, asiondoe gharama za uendeshaji kwenye mapato yake kabla kodi haijakokotolewa. Kilitungwa mwaka 1982, baada ya mahakama ya kodi kumkubalia muuzaji mmoja wa kokeini, amfetamini na bangi huko Minneapolis aondoe gharama zake, zikiwamo za simu na za gari. Bunge likaziba mwanya huo. California, jimbo la kwanza kuihalalisha bangi ya tiba, ilipiga kura yake mwaka 1996, miaka 14 baadaye, lakini kwa kuwa shirikisho liliendelea kuiweka bangi katika Jedwali la Kwanza pamoja na heroini, sheria iliyotungwa kwa ajili ya wauzaji wa gizani ikamwangukia pia mtu mwenye leseni halali iliyotundikwa ukutani.

Naomba mnifuate katika hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Chukulia kampuni imeuza bidhaa za dola 1,000,000 kwa mwaka, na bidhaa hizo zenyewe ziliigharimu dola 600,000. Faida ghafi ni dola 400,000. Mishahara, pango, umeme, bima, ulinzi na matangazo vikila dola 350,000, kinachobaki mkononi ni dola 50,000. Duka la viatu lenye hesabu hizohizo lingelipa asilimia 21 ya dola 50,000, yaani dola 10,500, na wenye duka wangegawana kilichosalia. Sisi tuliruhusiwa kuondoa gharama ya bidhaa peke yake, kwa hiyo asilimia 21 ilitozwa kwenye dola 400,000, nayo ni dola 84,000. Kampuni iliyopata dola 50,000 inadaiwa 84,000! Itatoa wapi hizo dola 34,000 za ziada, kama si kwa kukopa au kwa kuuza vitu vya wamiliki? Na hapo sijagusa kodi ya jimbo.

Tulipompigia simu aliyetufundisha, alijibu kwamba masuala ya kodi ni ya mhasibu wetu. Jibu hilo linaniuma hadi leo. Mtu anayejiita mtaalamu wa sekta hii hawezi kudai kwamba hakukijua kifungu kilichokuwa kikijadiliwa mahakamani kwa miaka mingi. Duka la Harborside la Oakland, mojawapo ya maduka makubwa ya bangi ya tiba nchini humo, lilikipinga kifungu hicho, likashindwa katika mahakama ya kodi mwaka 2018, likashindwa tena katika rufaa mwaka 2021. Ikiwa duka la ukubwa huo, lenye mawakili wake, halikupona, wanafunzi wa semina ya siku tatu wangeponea wapi?

Suala la benki tuliambiwa kwa sentensi moja tu, kwamba "lina changamoto kidogo". Mwongozo uliotolewa na serikali mwaka 2014 uliziruhusu benki kutuhudumia, ila zilipaswa kuendelea kutuma serikalini taarifa za miamala ya kutiliwa shaka kuhusu mteja wa namna yetu hata kama hana kosa, na kwa usumbufu huo nyingi zilitukataa au zilitutoza ada kubwa. Muswada wa kurekebisha jambo hili ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 na mara kadhaa baadaye, lakini katika miaka yote ya duka letu Seneti haikuupitisha. Tulifanya kazi kwa pesa taslimu, tukihesabu noti usiku huku tukiogopa kila mlio wa mlangoni. Hata tuliposhindwa kabisa, mahakama za ufilisi, kwa kuwa ni za shirikisho, hazikuwa kimbilio letu kama zilivyo kwa mfanyabiashara mwingine aliyeanguka.

Najua atatokea mtu aniambie kwamba Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ihamishiwe Jedwali la Tatu, ambako 280E haigusi. Ninalifahamu pendekezo hilo na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, pendekezo la mwaka 2024 halikufuta deni la kodi la mwaka 2021, na deni hilo ndilo ninalolipa.

Ninachowataka wanaouza mafunzo haya ni kitu kimoja: hesabu ya 280E iwe somo la asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya rafu na kamera, na anayetaka kurudishiwa ada yake baada ya kuiona arudishiwe siku hiyohiyo. Nanyi mliokwisha kulipia, ombeni muhtasari wa masomo kwa maandishi leo. Msipokiona kifungu hicho humo, daini fedha zenu kabla hamjasaini mkataba wa pango.