Nimekabidhiwa darasa la vijana kuhusu pesa: nianze na fungu la kumi au na madeni yao?

Mwalimu wa Vijana, Tabata

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Baraza la wazee limenipa darasa la vijana, Jumamosi jioni baada ya mazoezi ya kwaya, kuanzia mwezi ujao. Mada waliyoniandikia ni fupi: "Kijana Mkristo na fedha." Vijana wenyewe ni wa miaka 18 hadi 27. Yuko anayeendesha bajaji Segerea, wako walioajiriwa mwaka huu, yuko anayesimamia duka la shangazi yake Kariakoo, wako mabinti wanaouza nguo kwa simu, na wengine wamemaliza kidato cha sita wanasubiri chuo.

Nimetafuta masomo yaliyokwisha kuandaliwa. Mengi yanaanza na Malaki 3:10, ule mstari wa fungu la kumi, na yanaishia hapo hapo. Mengine yametoka Marekani, yanahimiza watu wakate kadi zao za mkopo na walipe mapema mkopo wa nyumba wa miaka 30. Kijana wangu wa Segerea hana kadi wala nyumba. Anachokijua ni kukopa kwenye simu saa tano usiku, mkeka wa kubeti wa Jumamosi, mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kadi za mchango wa harusi ambazo hazijalipiwa.

Niliwaomba waniandikie maswali kwenye karatasi bila kuweka majina. Naweka machache kama yalivyo:

"Nina deni la kausha damu. Nitoe fungu la kumi au nilipe deni?" (Kausha damu ni ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.)

"Fungu la kumi ni la mshahara wote au wa baada ya makato?"

"Baba anataka nimtumie kila mwezi, kanisani wanasema sadaka kwanza. Nani kwanza?"

"Kubeti ni dhambi hata kama sijamwibia mtu?"

Hawa ni watoto niliowaona wakikua tangu Sunday School, na sitaki kuwajibu juu juu. Mliokwisha kufundisha vijana, mlianzia wapi?

Mhasibu, Kimara

Amina dada yangu. Mimi ni mhasibu wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, na kwenye usharika wetu huku Kimara nakaa na vijana waliokwisha kupata kipaimara. Ushauri wangu: usianze na fungu la kumi. Si kwamba halina uzito, mimi mwenyewe natoa na nitaendelea kutoa. Ila kijana asiyejua amepata kiasi gani hawezi kutoa sehemu ya kumi ya kitu chochote. Anatoa kilichobaki mfukoni Jumapili asubuhi na kukiita fungu la kumi.

Anza na Luka 14:28, yule mtu anayetaka kujenga mnara, anayeketi kwanza na kuhesabu gharama. Halafu chukua chaki.

Mimi huandika ubaoni mshahara wa 600,000, kwa sababu wengi wakiusikia wanaona ni pesa ya kutosha. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10, yaani 60,000. Inabaki 540,000 ya kukatwa kodi, na kodi ya mapato ya kiasi hicho ni 24,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapo ni 90,000. Kinachoingia benki ni 426,000. Nakaa kimya waangalie ubao. Barua ya ajira ilisema 600,000, lakini maisha ya kijana huyu ni ya 426,000. Sasa kama alikwisha kwenda kupanga chumba cha 150,000 akiangalia ile barua, miezi sita ni 900,000, mishahara miwili mizima na zaidi kabla hajanunua hata godoro.

Wale wa swali la pili, "wote au baada ya makato", waandikie namba zote mbili: 60,000 na 42,600. Tofauti ni 17,400. Usiwaamulie. Paulo aliwaandikia Wakorintho kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Lakini huwezi kukusudia kitu usichokijua, ndiyo maana nasisitiza namba ziandikwe.

Wa kausha damu ndiye wa kumshika mkono kwanza, tena faragha, si mbele ya wenzake. Mwambie alete mkataba au meseji za mkopo, mkae mhesabu pamoja. Kama alichukua 100,000 na anatakiwa kurudisha 130,000 mwezi ukiisha, hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Kwa ukomo huo, riba ya mwezi mmoja ya laki moja haizidi 3,500. Vijana wengi hawajawahi kuambiwa jambo hili na mtu yeyote, wala shuleni wala kanisani. Na kama alikopa kwa programu ya simu, aangalie kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Kisha msome naye 2 Wafalme 4, yule mjane ambaye mwenye kumdai alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mafuta yake machache yalipojaa vyombo vyote kwa muujiza, nabii Elisha alimwambia akayauze, alipe deni, na kinachosalia aishi nacho yeye na wanawe. Nabii hakudai chombo hata kimoja cha mafuta yale. Kijana anayesumbuliwa na mkopeshaji usiku anahitaji kusikia kwamba kulipa deni nako ni utii.

Jambo la mwisho, maana linawaumiza wengi kimya kimya: kudhamini. Kijana anamwekea rafiki yake saini kwenye mkopo wa kikundi kwa sababu "sisi ni ndugu katika Kristo". Mithali 6 inamwambia aliyejifunga kwa ajili ya mwenzake akajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Kaa na sura hiyo jioni nzima ikibidi.

Mtumishi, Mbagala

Shalom. Nimesoma na nimehuzunika kidogo. Malaki 3:10 iko wazi: leteni zaka kamili ghalani. Mkimfundisha kijana kulipa wanadamu kwanza, mnamfundisha kumwibia Mungu. Nimeona watu wakitoa katika hali ngumu na Mungu akafungua milango. Imani haiandikwi ubaoni.

Mhasibu, Kimara

Mtumishi, nakuheshimu, na siwezi kubisha ulichokiona kwa macho yako. Mimi pia nimeona Mungu akifungua milango. Ninachokiogopa ni kijana kufundishwa kwamba pesa anayotoa ni mtaji na Mungu anadaiwa faida.

Nchi hii tumeshalipitia hilo. DECI ilikusanya pesa za watu kwa lugha ya "kupanda mbegu" na "kuvuna", ikipitia kwa watumishi na waumini, mpaka serikali ilipoizuia mwaka 2009 na wakurugenzi wake wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Waliopanda mwanzo walivunishwa pesa za waliopanda baadaye. Hakukuwa na shamba. Vijana wa dada yetu walikuwa watoto wadogo wakati ule. Mtu akiwajia leo kwenye kundi la WhatsApp la kwaya na maneno yale yale, watajuaje? Waulize swali moja tu: faida hii inatokana na kazi gani? Asiyeweza kujibu kwa sentensi mbili asipewe hata elfu kumi.

Na Malaki tuisome yote. Sura hiyo hiyo, mstari wa 5, Bwana anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake. Kijana wa duka la Kariakoo anayefanyishwa kazi na ndugu bila mshahara unaoeleweka naye ana sehemu yake humo.

Dereva wa Bajaji, Gongo la Mboto

Mwalimu, naomba nisemee sisi ambao hatuna mshahara. Hesabu za Mhasibu ni nzuri ila zinamhusu mwenye tarehe 25. Huyo kijana wako wa Segerea anapata pesa kila siku, na pesa ya kila siku ina tabia ya kuonekana nyingi. Unaweza kushika 45,000 jioni ukajiona tajiri. Humo ndani kuna hesabu ya bosi mwenye bajaji 20,000, mafuta, chakula cha mama ntilie, ushuru wa kijiwe, na tairi ambalo litakufa mwezi ujao. Yako ni kama 8,000.

Ninachofanya mimi ni kutenganisha kabla sijafika nyumbani. Hesabu ya bosi naituma hapo hapo. Elfu mbili ya matengenezo inakwenda kwenye laini nyingine ya simu ambayo sitembei nayo. Ya Mungu naiweka kila siku kwenye kopo, kwa sababu Jumapili ikifika huwezi kukumbuka Jumanne ulipata ngapi.

Na mfundishe habari ya Yusufu, Mwanzo 41. Watu wanaikumbuka ndoto tu. Yusufu alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno miaka saba yote ya shibe. Sisi Desemba ndiyo shibe yetu, watu wanafanya manunuzi, wanasafiri kwenda kwao, abiria ni wengi. Januari ada za shule zimemaliza kila mtu na hakuna wa kupanda bajaji. Ukitenga sehemu ya tano ya Desemba, Januari hukopi kwenye simu.

Kuhusu kubeti, kijiweni kwetu asubuhi ya Jumapili naona mikeka iliyochanika imetupwa chini kuliko maganda ya karanga. Huyo kijana anauliza kama amemwibia mtu. Mwambie amhesabu na mtoto wake, au mama yake, au huyo bosi anayesubiri hesabu. Usiwatishe tu kwa jehanamu, watacheka. Mwombe kila mmoja aandike mwezi mzima aliweka ngapi na alirudishiwa ngapi. Waachie wenyewe waisome hiyo karatasi.

Mama wa Jumuiya, Ubungo

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki lakini watoto wetu wanaishi mtaa mmoja, niruhusuni.

Swali la baba limenigusa. Mpeleke mwanangu huyo kwenye Marko 7, pale Yesu anapowakemea wanaosema "ni Korbani", yaani kilichokuwa cha kumsaidia baba au mama kimewekwa wakfu kwa Mungu, halafu mzazi anaachwa na njaa. Yesu alisema wanalitangua neno la Mungu. Kwa hiyo kijana asiwekwe njia panda kati ya baba yake na kanisa. Ila na mzazi naye lazima aambiwe ukweli. Sisi wazazi tunasikia mtoto kaajiriwa Dar, tunadhani pesa ipo tu. Kijana akionyesha zile namba za ubaoni kwa heshima, "Baba, kinachoingia ni hiki, nyumbani nitatuma 50,000 kila mwezi pamoja na ya kutolea", mzazi mwenye busara ataelewa, na atapanga. Kinachotuchosha wazazi ni kuahidiwa laki mwezi wa kwanza na kimya cha miezi mitatu.

Tena ongeza somo la michango. Binti yangu anafanya kazi saluni, mwezi mmoja alipokea kadi za harusi, send-off na kitchen party, zote "single", yaani za mtu mmoja, 50,000. Analipa kwa aibu, anakula mihogo wiki mbili. Tumekubaliana naye: ana kiasi cha michango cha mwaka mzima, ameandika kwenye daftari, na kikiisha anakwenda kuosha vyombo na kupika kwenye hiyo shughuli. Wenye harusi wanamkumbuka kuliko waliotuma pesa.

Mwalimu wa Vijana, Tabata

Mungu awabariki. Mtumishi, nimekusikia pia, na somo la kutoa halitatoka. Nimepanga liwe jioni ya nne, baada ya kila mmoja kuwa na karatasi ya mapato na matumizi ya mwezi wake. Ya kwanza ni ubao wa Mhasibu, pamoja na ubao wa pili wa pesa ya kila siku kama alivyoeleza ndugu yetu wa Gongo la Mboto. Ya pili ni madeni na kudhamini. Ya tatu nitawaalika wazazi, na nitasoma Marko 7 wakiwepo.

Mhasibu, nina maswali mawili. Hawa wakianza kuweka akiba, waweke wapi? Kuna wanaotaka kikoba, kuna aliyesikia UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. La pili, unaweza kuja jioni ile ya madeni? Nahofia meseji za wakopeshaji nitashindwa kuzisoma peke yangu.

Mhasibu, Kimara

Kwanza waweke ya dharura mahali wanapoweza kuitoa ndani ya siku chache, angalau kodi ya chumba na chakula cha mwezi mmoja. Mfuko wa Ukwasi wa UTT unafaa, ila waambie kwamba thamani ya vipande hutegemea soko na hakuna faida iliyoahidiwa. Hatifungani za serikali zinaanzia milioni moja, hizo ni za baadaye. Kikoba ni kizuri kama kina katiba, kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na sanduku halilali kwa mtu mmoja. Wakianzisha cha kwao, mweka hazina asiwe mtoto wa mzee wa kanisa, ili akikosea watu wathubutu kusema.

Nitakuja. Waambie waje na simu zao zikiwa na chaji, wasifute meseji yoyote ya mkopo hata kama ina matusi, na unitafutie chumba chenye mlango unaofungwa ili niwaone mmoja mmoja. Nitapanda gari za Tabata pale Ubungo, nifike saa kumi kasoro.