Masika haya maharage yanamaliza mkaa, na unga wa dona unanuka: nianzie wapi?

MkaziWaKihonda

Habari zenu ndugu zangu. Nyumbani tuko saba, pamoja na mama mkwe na watoto watatu wa shule. Maharage tunapika karibu mara nne kwa wiki kwenye jiko la mkaa. Gesi ni ya chai ya asubuhi na kupasha chakula tu. Tangu mvua zianze, mkaa umepanda bei na unaoletwa una maji. Jiko linachelewa kushika, na maharage yanakaa motoni zaidi ya saa tatu bado yana kiini kigumu.

Ninavyopika: nayaloweka usiku, asubuhi nabandika, natia nyanya, kitunguu na chumvi mapema ili yakolee. Maharage yenyewe ni mekundu, nilinunua gunia zima baada ya mavuno ya mwaka jana, yako stoo. Juzi nimeona vitundu, nadhani fukusi wameingia. Na unga wa dona chini ya ndoo una mabonge na harufu kama ya mafuta yaliyooza.

Nataka kubana matumizi bila watu kulala na njaa. Sufuria ya presha sina. Kama ni lazima ninunue, niambieni kwa nini.

JikoLaBweni

Pole na mvua dada. Usianze na mkaa, anza na nyanya. Kinachoshikanisha nyama ya haragwe ni kitu kama gundi, pektini. Ndani ya maji yenye uchachu gundi hiyo inagoma kuyeyuka hata uchochee moto namna gani. Nyanya, ndimu, ukwaju na embe bichi vyote viingie baada ya haragwe kuiva, yaani ukilibana kwa vidole viwili linasagika lote mpaka katikati. Kitunguu hakina shida, kitie mwanzo ukipenda.

Chumvi inasingiziwa. Tatizo lipo kwenye uchachu na kwenye maji ya kisima yenye chokaa, kwa sababu chokaa nayo huikaza ile gundi. Chumvi ikiwekwa kwenye maji ya kulowekea inalainisha ganda: kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita ya maji, kisha asubuhi unamwaga maji yote, unasuuza, unabandika kwa maji mapya. Maji ya kulowekea yawe mara tatu ya maharage, kwa sababu yanavimba hadi mara mbili. Kwa joto la Morogoro usiloweke kwa zaidi ya saa kumi na mbili. Ukiona povu na harufu ya kuchacha, umechelewa.

Kama maji yenu ni ya kisima, masika ni nafasi yako. Kinga maji ya mvua baada ya mvua ya mwanzo kuosha bati, yaache yatulie, pikia hayo. Hayana chokaa, na tofauti utaiona kwenye sufuria ya kwanza.

Kuhusu gunia la mwaka jana: haragwe lililokaa miezi mingi kwenye joto na unyevu hugeuka kuwa gumu kwa asili yake, na hilo kuloweka peke yake hakuliponyi. Hapo ndipo magadi yanapofaa. Robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, usizidishe. Yakizidi mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni, rangi inakuwa nyeusi na unapoteza vitamini B1 iliyomo. Mkimaliza gunia hili, nunua ya mwezi mmoja mmoja. Bei ya jumla ina faida kama una mahali pakavu pa kuweka, vinginevyo ile faida unailipa kwa mkaa.

Kwa watu saba, pima gramu 500 hadi 600 za maharage makavu kwa mlo mmoja wa ugali au wali. Zaidi ya hapo ni kiporo, na kiporo cha maharage masika hakifiki kesho bila friji.

KapuLaJoto

Alichosema JikoLaBweni ni sawa. Mimi naongeza hili: maharage hayahitaji moto kwa saa tatu, yanahitaji *joto* kwa saa tatu. Mchuzi ukishatokota, mkaa wote unaochoma baada ya hapo unafidia tu joto linalotoroka pembeni mwa sufuria na juu ya mfuniko. Lizuie lisitoroke.

Tengeneza kapu la joto. Chukua kapu kubwa la ukindu, au boksi gumu, au ndoo pana ya plastiki, lenye nafasi ya kuacha sm 8 hadi 10 kila upande wa sufuria yako, chini na juu pia. Jaza sufi, vipande vya sponji la godoro kuukuu, au matambara makavu yaliyochanwachanwa. Majani makavu ya mgomba yanafaa kiangazi, ila masika yanavuta unyevu na kuota ukungu, yaache. Shindilia pembeni kiasi cha kushika umbo la sufuria, lakini usikandamize sana, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati. Shona mto mnene wa kufunika juu, huo usiufanyie ubahili, kwa sababu joto linapenda kutokea juu. Kati ya sufuria na kijazio weka kitambaa cha pamba kinachovuliwa kufuliwa, na nyuma yake karatasi ya nailoni ili mvuke usiloweshe sufi.

Sufuria iwe na mfuniko unaokaa vizuri na ijae angalau robo tatu. Hapa ndipo wengi wanashindwa: wanaweka maharage ya vikombe viwili kwenye sufuria ya lita kumi, yanapoa kabla hayajaiva, kisha wanasema kapu ni uongo. Nusu kilo yako inataka sufuria ya lita tatu. Maji yawe vidole viwili juu ya maharage, si zaidi, kwa sababu ndani ya kapu hayapungui.

Sasa jambo la lazima, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili, lektini, inayoharibika kwa kutokota tu. Joto la nyuzi 80 haliiondoi. Kwa hiyo mwaga maji ya kulowekea, kisha yatokote kwelikweli, mapovu yakipanda juu, kwa dakika 20 kabla hayajaingia kapuni. Ukiyahamisha yakiwa yanafukuta tu, mtu atatapika na kuharisha ndani ya saa chache na mtamlaumu muuzaji.

Kabla ya kuingiza, futa kitako cha sufuria. Cheche moja iliyonata chini inaweza kuwasha sufi polepole bila nyinyi kujua.

BiMkubwaWaMazimbu

Mwanangu, mkaa wenye maji unalipa mara mbili: unanunua maji, halafu unachoma mkaa kuyakausha. Usinunue kwa macho. Gonga vipande viwili, mkavu unalia kama kigae, ulioloa unatoa sauti nzito. Kopo la mkaa ulioloa ni zito kuliko kawaida na vumbi lake linanata kidoleni badala ya kupeperuka.

Usiuweke kwenye sakafu ya saruji hata ndani ya nyumba. Saruji inapandisha unyevu. Weka matofali manne, mbao juu, gunia juu yake, mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Mkaa wa kesho ukae karibu na jiko leo likiwa linawaka, si juu yake.

Ukishaipua, usiache makaa yafe yenyewe na usiyamwagie maji. Yahamishie kwa koleo kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana. Yakikosa hewa yanazimika, asubuhi yanashika haraka kuliko mkaa mpya. Debe likae nje au barazani, kwa sababu yanatoa hewa mbaya mpaka yazimike kabisa. Angalia pia udongo wa ndani ya jiko banifu: ukipasuka, ziba kwa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, acha ukauke kwa siku kadhaa kabla ya kuwasha. Kile kimlango cha chini kifungwe nusu mara tu sufuria inapotokota.

Nakusihi jambo moja. Mvua ikinyesha watu huingiza jiko ndani na kufunga mlango. Usifanye hivyo, wala usianike nguo za watoto juu ya jiko chumbani. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu hupata kichwa kuuma, usingizi mzito, kisha haamki. Moshi kuisha hakumaanishi hewa ni salama. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Pika barazani chini ya bati. Kama hakuna baraza, chumba cha kupikia kiwe na dirisha na mlango wazi vinavyopitisha upepo, na mtu asilale humo.

MkaziWaKihonda

Shikamoo mama, nashukuru sana, tuna baraza nyuma, jiko litakaa huko. KapuLaJoto, naweza kuyaweka kapuni usiku tukalala, tukayakuta asubuhi? Na kuhusu dona na fukusi bado sijajibiwa.

GhalaNdogo

Dona linanuka kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta, na dona limesagwa pamoja nacho. Sembe hukaa zaidi kwa kuwa kiini kimekobolewa. Masika saga dona la wiki mbili tu. Na lile bonge la chini ya ndoo limetoka mashineni: unga unatoka wa moto, ukiumimina hivyo na kufunga mfuniko, unatoa jasho. Utandaze kwenye turubai safi ndani ya nyumba mpaka upoe kabisa, ndipo uufunge. Usimimine unga mpya juu ya wa zamani. Ulio na harufu ya kuvunda au rangi ya ukungu usiuchekeche ukaendelea kuula, na usiwape kuku. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kubeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika ugali. Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa sababu hiyo.

Mahindi yenyewe kabla ya kuyaweka, pima kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa dakika chache, iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikikaa chini tu, yamekauka.

Fukusi wa maharage anaanzia shambani. Vitundu unavyoviona ni vya aliyekwisha toka, ndani kuna wengine. Pepeta, ondoa yaliyotobolewa, yaanike siku yenye jua kali juu ya bati au turubai jeusi, yapoe. Kisha yajaze kwenye chupa za maji za plastiki, kavu kabisa, mpaka shingoni, ukigonga chupa ili yashuke na kuongeza tena. Kaza kizibo. Wadudu waliomo wanamaliza hewa wanakufa, na wa nje hawaingii. Chupa ikibaki nusu tupu haifanyi kazi, kwa sababu hewa iliyobaki inawatosha kuzaana. Ukiwa na mengi, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafanya kazi ileile, ila panya akiitoboa imekwisha.

Njia nyingine ni mafuta ya kula, kijiko kimoja cha chai kwa kilo, unasugua mpaka kila punje ing'ae. Mayai yanakosa hewa. Ila maharage yenye mafuta yasikae miezi mingi, yanapata harufu.

UmemeNaJiko

Dada, presha si lazima ukiwa na kapu. Faida yake ni muda: maharage yaliyolowekwa yanaiva ndani ya nusu saa hivi, na hata yale magumu ya gunia lako yatakubali. Ya umeme inapika maharage ya mlo wako kwa chini ya uniti moja. Kama mita yenu iko kwenye daraja la matumizi madogo, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu msivuke, maana bei ya uniti inaruka sana. Usijaze zaidi ya nusu unapopika maharage, yanatoa povu linaloziba tundu la mvuke. Kijiko cha mafuta kinapunguza povu hilo. Mpira wa mfuniko ukikakamaa, badilisha.

KapuLaJoto

Usiku kucha hapana. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu vinaanza kuzaana, na kapu la nyumbani halishikilii joto hilo mpaka alfajiri. Fanya hivi: loweka saa 3 usiku. Saa 12 asubuhi bandika, yatokote dakika 20, ingiza kapuni kabla ya saa 1 na usifunue kuchungulia, kila ukifunua unapoteza joto la nusu saa. Saa 5 toa. Mchuzi ukiwa wa moto kiasi kwamba kidole hakivumilii, kapu limefanya kazi. Ukiwa wa vuguvugu, kapu lako halijashiba kijazio, onja baada ya kuchemsha tu. Kwa vyovyote, yatokote tena dakika 10, rudisha kapuni. Saa 6 na nusu yameiva. Kaanga kitunguu na nyanya pembeni, changanya, tui liingie mwisho, dakika 15 mezani.

Wakati yako kapuni mara ya pili, makaa yaliyobaki jikoni yanatosha kuchemsha wali. Vikombe vitatu vya mchele kwa vikombe vinne na nusu vya maji, si sita. Ukitokota dakika tano, toa maharage, wali nao uingie kapuni hapohapo, dakika 45. Kwa maharage ya gunia la zamani ongeza saa moja ya kapu na mtokoto mmoja zaidi. Kapu likimaliza kazi, livue kitambaa, liache wazi penye upepo mpaka jioni. Masika hii sufi ikilowa haizuii tena joto.