Jamaa wa Kuze: karatasi ya Bibi

Shangazi Rukia: Asalaam aleikum jamaa. Tumerudi kliniki na Mama. Miguu imevimba tena, dawa ya kukojoa imeongezwa. Jengine: daktari alimuuliza, moyo wako ukisimama, wataka tukubonyeze kifua na kukutia mashine? Mama akajibu mwenyewe mbele yangu, "Msinibonyeze. Niwacheni na Mola wangu." Daktari ataka yaandikwe, na watoto wote tujue. Ndio nawaambia.

Ami Salim: Daktari gani huyo wa kumuuliza mzee wa miaka 84 maneno hayo? Ashachoka kumtibu?

Shangazi Rukia: Hakuchoka. Aliuliza kwa adabu, na Mama hata hakushtuka. Niliyeshtuka ni mimi.

Ami Salim: Mie sikubali. Mamangu hawezi kuachwa hivi hivi na mashine ziko ukutani. Nesi atakayekunja mikono ntaonana naye kortini.

Mwanaisha: Biryani ya kuku ya Ijumaa, oda mwisho Alhamisi adhuhuri, delivari mpaka Tudor

Mwanaisha: Samahanini si kundi hili 🙈

Fatma: Shikamoo Ami. Niruhusu niseme kama nesi. Kwenye sinema mtu hubonyezwa mara mbili, akakohoa, akakaa kitako. Wodini sivyo. Mimi mfupi, napanda kistuli. Kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila dakika mbili twapokezana kwa sababu mikono yaisha nguvu. Kwa mifupa ya mzee kama Bibi mbavu zavunjika, wazisikia chini ya kiganja. Mtu aliyekuwa mzima moyo ukamsimamia ghafla, huyo ntambonyeza bila kuuliza. Lakini moyo uliochoka kwa miaka, mara nyingi haurudi. Ukirudi, mgonjwa aishia ICU na mpira kooni, mikono imefungwa asiung'oe.

Ami Salim: Na bado ndiyo kazi yenu.

Fatma: Ndiyo kazi yetu, na kumsikiza mgonjwa pia ni kazi yetu. Taabu ni saa nane za usiku. Hospitali niliyoanzia kazi, jamaa walimwambia daktari kwa mdomo tu: baba akizimika mumwache. Daktari akaenda zake nyumbani, kwenye faili hamna kitu. Baba akazimika zamu yangu. Nikabonyeza. Binti yake akanilaumu nimemtesa babake. Ningaliacha, mwanawe wa kiume angalisema nimemuua. Ami, unaposema korti, sisi tulioko zamu twaona ni kheri tubonyeze tu, mgonjwa awe alitaka asitake. Kwa hiyo vitisho vyako havimlindi Bibi.

Mwanaisha: 😳

Rajab Tampa: Huku bado mchana, niko mapumzikoni kazini. Hapa Florida hiyo DNR, yaani agizo la mtu kutobonyezwa moyo ukisimama, ni karatasi ya manjano. Idara ya afya ya jimbo ina fomu yake, DH 1896. Mgonjwa au msimamizi wake atia sahihi, na daktari atia yake. Chini ina kipande kidogo cha kukata, kikitiwa plastiki mtu atembea nacho. Wa ambulensi wakiingia nyumbani wakaiona, hawabonyezi. Na sheria ya jimbo, kifungu cha 401.45, yasema aliyeiheshimu hashtakiwi jinai, hadaiwi fidia, wala hahesabiwi kuwa mzembe au amevunja miiko ya kazi. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, hilo la mwisho ndilo naliangalia sana. Kesi yaweza kuisha, cheti kikichukuliwa umekwisha.

Mwanaisha: Na mtu akiwa hana hiyo manjano?

Rajab Tampa: Wabonyeza. Kuna mzee wa miaka 70 aliletwa hospitali Miami hajitambui, peke yake, kifuani amechorwa tatuu kwamba asihuishwe, na sahihi yake chini! Madaktari wakababaika, maana ngozi si fomu. Wakaanza kumtibu kwanza, wakawaita washauri wa maadili, wao wakasema tatuu iheshimiwe. Baadaye karatasi yake rasmi ikapatikana. Kisa kilichapishwa 2017 kwenye jarida la madaktari, New England Journal of Medicine.

Ami Salim: Hayo ya Marekani. Sisi tuko Kenya. Swaleh, wewe ndiwe wakili.

Swaleh: Niko foleni ya feri Likoni, nivumilieni. Ami, Bunge letu halijatunga sheria ya karatasi kama hiyo ya Rajab. Hakuna kifungu kinachosema nesi aliyeiheshimu asiguswe. Kilichopo ni hiki. Katiba ibara ya 26 yalinda uhai, na ibara ya 43 yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 nayo yaitoza faini ya hadi shilingi milioni 3 hospitali inayokataa dharura ilhali ina uwezo. Nesi akisoma hapo akafunga kitabu, lazima abonyeze.

Swaleh: Lakini asifunge. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo hiyo champa mgonjwa haki ya kukataa tiba baada ya kuelezwa madhara yake. Cha 9 charuhusu kumtibu bila idhini ikiwa kuchelewa kutamuua, ILA awe hajaikataa tiba hiyo kwa kauli wala kwa vitendo. Bibi ameshaikataa, tena kwa kauli. Na cha 9 hicho hicho charuhusu mgonjwa amteue mtu, kwa maandishi, wa kumtolea idhini akishindwa kusema. Hapo ndipo penye kinga ya nesi wa huku. Rajab yake imeandikwa neno kwa neno. Ya Fatma itabidi wakili aijenge kortini, na bila karatasi hana cha kujengea.

Ami Salim: Si ndiyo kumsaidia mtu kujiua hiyo?

Swaleh: Hapana. Hilo ni kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Bibi hajidhuru wala hakuna anayempa kitu cha kumuua. Ugonjwa ndio utakaomuondoa.

Shangazi Rukia: Na dini je? Mie hilo ndilo lanikosesha usingizi.

Ami Abdalla: Masalkheri. Rukia, masheikh walishalizungumza. Baraza la fiqhi, yaani sheria za dini, la nchi za Kiislamu lilikaa Amman mwaka 1986, likaruhusu mashine ziondolewe kwa ambaye ubongo wake umekufa. Saudia nako ikatoka fatwa kwamba madaktari watatu waaminifu wakiafikiana kuuhuisha moyo hakuna faida, waache. Na Salim nduguyangu, fatwa hiyo haikuwaachia jamaa uamuzi.

Ami Salim: 🙄

Rajab Tampa: Ami Salim, tena jimbo la jirani hapa, Georgia. Mji wa Augusta, bibi wa miaka 91, mwaka 2012. Alikuwa amewaambia jamaa zake hataki kuishi kwa mashine, na kwa maandishi amemteua mjukuu wake wa kike amsemee. Hospitali ikamtia mashine ya kupumulia bila kumuuliza mjukuu. Mjukuu akashtaki, nao wakakimbilia kifungu cha kinga. 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikawajibu: kinga ni ya anayefuata uamuzi wa mteule kwa nia njema. Nyinyi mlijiamulia wenyewe, kesi iendelee.

Mwanaisha: Kumbe hata kubonyeza kwaweza kukupeleka kortini

Ami Salim: Haya. Na akisongwa na tonge mezani? Mtamtazama?

Fatma: Twampiga mgongoni tonge itoke, Ami! Akipata homa ya mapafu apewa sindano zake. Oksijeni, dawa ya maumivu, kutolewa maji miguuni, vyote vyaendelea. Karatasi ni ya moyo ukishasimama. Na kesho akibadili nia aichana, hakuna wa kumuuliza.

Ami Salim: Hilo hamkulisema mwanzo.

Fatma: Mwanzo ulikuwa wagomba 😅

Swaleh: Kinachotakiwa: Bibi aseme mbele ya daktari, daktari aandike kwenye faili kwamba amemuelewa na ana akili timamu, Bibi atie sahihi au kidole, mashahidi wawili. Na amtaje mteule wake. Akiwa na akili zake ndio wakati, akishapoteza fahamu tutabaki kugombana hapa kwenye simu.

Fatma: Nakala moja faili la kliniki, moja mfuko wa dawa zake, moja picha kwa simu ya Shangazi. Wa ambulensi hawatakwenda kufukua kabati.

Ami Abdalla: Mteule awe Rukia, ndiye anayekaa naye.

Shangazi Rukia: Nshamsomea Mama yote haya. Asema mimi nalia haraka, ntawaambia wambonyeze. Amtaka Salim.

Ami Salim: Mimi??

Shangazi Rukia: Asema, "Salim mbishi. Akishaahidi, madaktari wote hawamuwezi."

Mwanaisha: 😂😂😂

Ami Abdalla: Mama amjua mwanawe.

Ami Salim: Nakuja na treni ya Ijumaa. Siahidi kitu kwa simu. Nataka kukaa naye anambie kwa mdomo wake, sisi wawili, bila Rukia kumkalimania.

Swaleh: Ndivyo inavyotakiwa. Njoo na kitambulisho.

Ami Salim: Na huyo daktari mniwekee nafasi. Nina maswali yake.