Winga amekata ACL (ligamenti ya katikati ya goti), viongozi wanasema miezi 6 anarudi. Tuwaambie nini?

Kocha wa Mchangani

Wakuu, salaam. Kuna winga wa miaka 19, goti la kulia. Siku 12 zilizopita alikuwa anakata kuingia ndani kwa kasi, hakuguswa na mtu, goti likaenda ndani, likalia ko! Kabla ya jioni lilishavimba. Picha ya MRI inasema ACL imekatika yote na meniskasi ya ndani (kile kigegedu cha kati ya mifupa ya goti) imechanika kwa nyuma. Je, lazima apasuliwe? Nyumbani wanamkanda kwa maji moto na mafuta, ina ubaya? Na viongozi wanataka tarehe ya kurudi, wameshajipa miezi 6.

Fizio Pwani

Kocha, la kukanda lisimame leo. Goti linalovimba ndani ya saa chache mara nyingi limejaa damu. Kukanda hakuungi ligamenti iliyokatika, na mkandaji akilazimisha kulikunja anaweza kuupanua mchaniko wa meniskasi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku, mguu ukiwa juu ya mto kuanzia kisigino.

Uvimbe nauwekea mkazo kwa sababu ndio unaouzima msuli wa mbele wa paja. Utaona anaukaza na hauitiki. Ukimpeleka chumba cha upasuaji na goti gumu lililovimba, atatoka na goti gumu zaidi. Kabla ya kisu nataka goti linyooke sawasawa na la pili, likunje hadi nyuzi 120 hivi, ainue mguu ulionyooka bila goti kulegea, na atembee bila kuchechemea. Mara nyingi hayo huchukua wiki 3 hadi 6, wala si muda uliopotea. Ila kama goti limekwama, halinyooki kabisa hata akisaidiwa, huenda kipande cha meniskasi kimeingia katikati. Huyo hasubiri, aonwe haraka.

Kuhusu lazima: ACL huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na usijizungushe chini ya mfupa wa paja. Mwendesha baiskeli anaweza kuishi bila hiyo akiwa na misuli imara. Winga kazi yake ni kugeuka, na kila goti linapochomoka linakula meniskasi na gegedu. Kwa umri huo na meniskasi imeshachanika, upasuaji ndio njia ya busara. Muhimbili pale MOI, taasisi ya mifupa, wanafanya upasuaji wa matundu madogo. Popote mtakapokwenda, ulizeni kama meniskasi itashonwa au itakatwa. Ikishoneka, ishonwe, hata kama inamchelewesha.

Dokta Viungo

Naongezea. ACL iliyokatika kwa kawaida haiungwi, inatengenezwa nyingine kwa kano ya mchezaji mwenyewe. Kano ya chini ya pia ya goti ni imara, ila huacha maumivu ya mbele akipiga magoti. Anayesali sala tano amwambie daktari mapema. Kano za nyuma ya paja haziachi sana maumivu hayo, lakini misuli ile hubaki dhaifu kwa muda, na winga anakula kwa kasi. Kuna pia kano ya juu ya pia. Kano ya kupandikizwa kutoka kwa mtu mwingine siipendekezi kwa kijana, hukatika zaidi.

Wiki 2 za kwanza kazi kubwa ni moja: KUNYOOKA. Kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti likining'inia hewani, dakika 10, mara 4 kwa siku. Kosa ninaloliona kila mara ni mto chini ya goti kwa sababu "anajisikia vizuri". Goti likizoea kupinda, kovu hujaa mbele ya kano mpya na kuziba njia, halafu anarudishwa kusafishwa. Kati ya hapo akaze msuli wa paja sekunde 5, mara 10, kila saa akiwa macho. Magongo yanaachwa mwendo ukishakuwa safi, hata kama kalenda inasema mapema. Meniskasi ikiwa imeshonwa, asichuchumae kupita nyuzi 90 akiwa na uzito mguuni mpaka daktari aruhusu.

Kigimbi kikivimba na kuuma, au homa na kidonda kutoa usaha, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kocha wa Mchangani

Asanteni sana. Sasa wiki ya 8 akisema haumwi kabisa, hawezi hata kupiga danadana?

Fizio Pwani

Hapo ndipo wengi wanapoharibikia. Kano iliyopandikizwa huanza bila mishipa ya damu, mwili unaivunja na kuijenga upya. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 iko kwenye udhaifu wake, wakati maumivu yameshaondoka. Kijana anajiona mzima, anaingia ndondo moja tu ya mtaani, kwisha habari.

Kukimbia mstari ulionyooka si kabla ya wiki ya 12, na nguvu za paja ziwe zimefika angalau asilimia 70 ya la pili, bila uvimbe siku inayofuata. Kugeuka na mpira hufuata baadaye sana. Utafiti wa Delaware na Oslo wa 2016 ulionyesha kuwa kila mwezi wa kusubiri, mpaka wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia ACL Oktoba 2020, akagusa mechi ya kirafiki mwishoni mwa Julai 2021. Msinitajie mshambuliaji Zlatan aliyerudi kwa miezi 7, yule mpimeni peke yake.

Kipimo cha uwanjani: aruke kwa mguu mmoja na kutua kwa huo huo, pima kwa futi kamba, mara 3 kila mguu. Mzima ukienda sentimita 160 na mbovu 140, ni asilimia 87.5. Haitoshi, tunataka 90 kwenda juu. Ila kuruka kunadanganya: nyonga na kifundo hulibeba paja dhaifu. Kwa hiyo ongeza mashine ya kunyoosha goti gym, mguu mmoja mmoja. Na mguu usioumia upimwe kabla ya upasuaji, maana nao hulegea akikaa nje, ukaonekana sawa na mbovu.

Beki wa Pembeni

Kwa walio wazima: FIFA 11+, yale mazoezi ya kupasha mwili ya kuzuia majeraha, dakika 20, angalau mara 2 kwa wiki kabla ya mazoezi. Kosa la kwanza ni kuishia kwenye kukimbia na kuiacha sehemu ya pili, yenye Nordiki (zoezi la misuli ya nyuma ya paja), mazoezi ya usawa na kutua. Msimamie mbele umtazame anapotua: goti likiingia ndani kuelekea lenzake, mrudishe. Timu za wanawake zisikose hata wiki moja, hatari yao ya ACL ni kubwa zaidi. Na njumu zenye meno marefu zisiingie kwenye nyasi bandia, mguu unanasa mwili unageuka.

Kocha wa Mchangani

Nimeelewa. Mto wa chini ya goti umeondolewa leo jioni. Viongozi nitawaambia miezi 9 na futi kamba.

Dokta Viungo

Waambie 9 hadi 12, meniskasi ikishonwa.