Waingereza wamekwisha kisanaa, au ngazi ndiyo imeondolewa? Tujadili

Mleta mada (London kusini)

Salaam wadau. Juzi tulikuwa matangani, kisomo kimekwisha, tunakunywa chai. Mzee mmoja wa kwetu, aliyefika nchi hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasema Waingereza wamekwisha: muziki wao umekufa, televisheni yao imebaki watu kujianika ufukweni, hawana jipya la kuionyesha dunia. Waliokuwepo wakamwitikia. Sikumjibu, kwa kuwa ni mkubwa wangu na pale palikuwa msibani. Najibu hapa, nanyi nipingeni kwa hoja.

Kwanza nakubali lililo kweli. Aprili 1964, nyimbo tano za juu kabisa katika chati ya Marekani zote zilikuwa za Beatles. Mwaka 2002, katika nyimbo mia za chati hiyohiyo, ilifika wiki hakuna hata mmoja wa Mwingereza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1963. Top of the Pops, iliyokuwa ikiwakusanya watu mbele ya BBC kila wiki tangu 1964, ilifungwa 2006. Jarida la muziki la NME liliacha kuchapwa kila wiki mwaka 2018. Kuna kitu kimepotea, na anayekataa hajaangalia vizuri.

Ila mimi nauliza: zamani hao waliofika juu walipandia wapi?

Tumtazame kijana wa kwetu, Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja 1946, familia yake ikakimbia mapinduzi ya 1964 ikafikia Feltham, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Akaingia chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza 1969, kisha dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Chuo hichohicho alipita Pete Townshend wa bendi ya The Who. John Lennon wa Beatles alikuwa chuo cha sanaa Liverpool, Keith Richards wa Rolling Stones chuo cha Sidcup. Vyuo hivi viliwapokea vijana ambao shule ziliwaona hawafai, vikawapa miaka kadhaa ya kujaribu, kukosea na kukutana na wenzao. Na zama zile halmashauri zililipa ada na posho ya kujikimu. Mwaka 1962 likawekwa kabisa kwenye sheria. Mwaka 1998 ikaja ada ya pauni 1,000 kwa mwaka, na posho ikageuzwa mkopo. Kufikia 2012 England ada ilipanda hadi pauni 9,000. Mtoto wa dereva wa basi atathubutu kukopa hivyo ili akajifunze kuchora?

Hata ukosefu wa kazi ulikuwa na nafasi yake. Miaka ya 1980 serikali ya Thatcher, ambayo sina mapenzi nayo, ilimlipa asiye na kazi pauni 40 kwa wiki endapo angeanzisha biashara yake. Miongoni mwa waliozipokea ni Alan McGee wa Creation Records, kampuni ya muziki iliyokuja kuwatoa Oasis, bendi ya ndugu wawili waliokulia nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri, Burnage, Manchester. Agosti 1996 walijaza watu 250,000 kwenye uwanja wa wazi wa Knebworth kwa siku mbili. Leo? Wanaosoma shule za kulipia nchi hii ni kama asilimia 7 tu, lakini shirika la Sutton Trust lilipochunguza mwaka 2016 lilikuta asilimia 42 ya Waingereza walioshinda BAFTA, tuzo kubwa za filamu za huku, wametoka huko.

Na bado vipaji havijakoma. Tazameni grime, muziki wa kufokafoka wa vijana wa London. Ilizaliwa kwenye maghorofa ya kaunsili London mashariki, kwa redio zisizo na leseni, antena zimefichwa juu ya paa. Msanii wake Dizzee Rascal alichukua tuzo ya Mercury (ya albamu bora ya mwaka, haihusiani na Freddie) 2003 akiwa na miaka 18. Malipo yake yalikuwa nini? Mwaka 2005 polisi wa London walileta fomu iliyowabana wenye kumbi: muziki gani utapigwa, na mwanzoni hata watakaohudhuria ni wa asili gani. Fomu hiyo, iliyoitwa Fomu 696, ilifutwa 2017. Miaka miwili baadaye Stormzy, ambaye mama yake ni Mghana, akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kufunga jukwaa kuu la tamasha la Glastonbury kama msanii wa peke yake. Mzee wetu anausikia muziki huu kila siku kwenye viti vya nyuma vya gari lake, wajukuu wakiuimba. Hauhesabu kuwa ni wa Kiingereza.

Mchangiaji (Leicester)

Kaka, hoja ya ngazi nakuunga mkono, lakini umemwachia mzee hiyo "zamani" kama vile ilikuwa pepo. Kuanzia 1958 hadi 1978 BBC ilirusha The Black and White Minstrel Show, wazungu wamejipaka masizi usoni wakiimba na kucheza, familia nzima sebuleni. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiizima televisheni na kwenda kushona, kwa kuwa kesho yake kiwandani wenzake walimwita kwa majina waliyoyatoa humo. Mind Your Language, kichekesho cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, ambacho wengi wetu tulikicheka hata Afrika Mashariki, kilianza 1977. Kigogo wa televisheni Michael Grade akakisimamisha kwa kuona kinadhalilisha wageni. Sisi tulikuwa ndio kichekesho. Leo watoto wetu wanaandika maneno yao wenyewe. Kwangu huko ni kupanda.

Mchangiaji (Cardiff)

Wanangu, mimi ni rika la huyo mzee na naomba mnisikilize. Krismasi ya 1986 watu kama milioni 30 waliangalia EastEnders, tamthilia ya BBC. Krismasi ya 2024 kilichotia fora kilikuwa mwisho wa kichekesho cha Gavin & Stacey, hadithi ya mji wa Barry, hapa jirani yangu, na usiku ule walikuwa milioni 12 na ushei. Asubuhi zile kazini, Mhindi, Mjamaika na Mwelsh sote tulikuwa na jambo moja la kuzungumza. Ndivyo nilivyojifunza Kiingereza. Sasa kila mtu na simu yake. Na kumbi? Music Venue Trust, shirika la kutetea kumbi za muziki, walihesabu kumbi ndogo 125 zilizoacha muziki wa jukwaani mwaka 2023 peke yake. Msanii atakomalia wapi?

Mleta mada

Dada wa Leicester, umenisahihisha. Nilikuwa nasifu posho na vyuo, nikasahau kuangalia nani alikuwa anachekwa.

Mzee wangu wa Cardiff, shikamoo. Mwaka 1986 chaneli zilikuwa nne, kwa hiyo hesabu ya watazamaji naipa uzito mdogo. Lakini la kumbi umenigusa, na naona limeungana na langu: ukumbi wa watu mia moja ni ngazi vilevile.

Nina sababu yangu ya kuumia. Binti yangu ana miaka 14 na anapiga ngoma. Shule yake imeondoa muziki kwenye masomo ya mtihani. Mwaka 2010 shule za England zilianza kupimwa kwa kundi la masomo ambalo sanaa haikuwemo. Kituo cha vijana kilichokuwa na seti ya ngoma kimefungwa, ni vyumba vya kupangisha sasa. Jioni anapanga mito kitandani anaipiga kwa vijiti, na kwa kweli anapiga vizuri.

Scotland mwaka 2021 walifuta ada za kufundishwa ala shuleni. Mlio Glasgow na Edinburgh, naomba mtuambie: watoto wenu wanafundishwa kweli, au foleni ni ndefu?